Jembe Alilovaa Skolastika

Mwanangu Gaudensi,

Umekwenda Majengo kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia maandazi ya njiani. Nimebaki mwenyewe sebuleni. Jua la alasiri limefika mlangoni, upepo unagongagonga bati, nami nimechana karatasi kwenye daftari langu la zamani la maandalio ya somo. Habari za chandarua, za sweta, za kutokunywa maji ambayo hujayachemsha, mama yako ameshakupa zote, na atazirudia kesho mpaka basi liondoke stendi. Sitaziongezea neno.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo ulilolisema Jumapili tukitoka kanisani. Jirani yetu Mzee Kristofa alikuuliza habari za huko Mbulu ulikopangiwa kazi. Ukamjibu kwa furaha, "Mzee, nasikia watoto wa huko wanaanza darasa la kwanza hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Kiiraqw tu, asubuhi mpaka jioni. Lakini nitawanyoosha." Mzee Kristofa akacheka. Mimi sikucheka, nawe ukaniuliza kama magoti yameanza tena. Nikasema ndiyo.

Nilikudanganya. Magoti hayakuwa na neno. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Nilikuwa na umri kama wako nilipoanza kufundisha. Nilipangiwa shule ya msingi ya kijiji jirani na chetu, mwendo wa saa moja kwa miguu. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kutoka chuo cha ualimu. Nilikuwa na shati jeupe moja, nikilifua kila jioni. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mkali lakini mchapakazi, na mashuleni wakati ule kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeuliza imetoka wapi: mtoto akisikika anaongea kilugha, anavishwa kitu cha aibu shingoni. Atakaa nacho mpaka amnase mwenzake anaongea Kifipa chetu, ndipo amvishe yeye. Mimi nilikivaa nikiwa mtoto. Kwetu kilikuwa kipande cha gunia. Nilikivaa nikalia, nikajifunza, nikafaulu. Kwa hiyo niliamini kwamba kile kipande cha gunia ndicho kilichonifikisha chuoni. Mtu akipona huisifu dawa, hata kama alipona licha ya dawa.

Pale shuleni pia walitumia gunia, lakini watoto walikuwa wanalitupa mtoni na kusema limepotea. Basi siku moja tukiwa tunapiga matuta ya maharage kwenye shamba la shule, mwanafunzi mmoja akagonga chuma. Tukafukua. Lilikuwa jembe la kale, pana kama jani la tumbaku, lenye mkia mwembamba wa kuchomeka kwenye mpini. Lilikuwa zito. Mwalimu mkuu akaligeuzageuza akasema, "Majembe ya washenzi haya." Mimi nikacheka. Kisha nikasema, "Mwalimu, hili halitapotea mtoni."

Wazo lilikuwa langu, Gaudensi. Wala sikulazimishwa na mtu. Nililifunga kamba ya katani kwenye mkia, nikachukua rangi nyeupe iliyobaki baada ya kuchora mistari ya uwanja, nikaandika juu yake: MIMI MSHAMBA. Mwalimu mkuu alinipa mkono mbele ya walimu wenzangu.

Kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu, Skolastika, wote tukimwita Skola. Wazazi wake walikuwa wamefariki, akilelewa na bibi yake juu mlimani, na bibi huyo Kiswahili hakukijua kabisa. Skola alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa maneno. Alikuwa akianza kusema mikono yake yote inasema naye. Mtoto wa namna hiyo utamnasa tu. Kanuni ilikuwa kwamba atakayekuwa na jembe kengele ya mwisho inapolia ataondoka nalo nyumbani, alale nalo, alirudishe asubuhi. Skola alilala nalo siku nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote. Kamba ikamchubua. Akatafuta kipande cha kitambaa akakiweka chini ya kamba, nami nikakiona kile kitambaa, nikapita nikaendelea na hesabu za kugawanya.

Babu yako, baba yangu Mzee Polikapi, alikutana naye njiani jioni moja akitoka shamba. Sikuwapo, kwa hiyo sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kilichotokea kesho yake.

Tulikuwa mstarini, tumemaliza wimbo wa taifa. Nikamwona mtu anapanda kutoka njia ya mtoni, amevaa koti lake la baridi, kofia mkononi. Nyuma yake alikuwa Skola, shingo yake tupu. Jembe lilikuwa shingoni mwa babu yako. Alipita mbele ya walimu bila kututazama, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa darasa la tatu, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama mwanafunzi. Yale maandishi yangu meupe yalikuwa kifuani pake.

Watoto walianza kucheka, kisha wakanyamaza wenyewe.

"Mzee, una shida gani?" mwalimu mkuu akamuuliza.

Babu yako akajibu kwa Kifipa, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwa wapishi wa uji. Alisema ameambiwa kwamba anayeongea hivi ndiye anayevaa hili. Yeye anaongea hivi tangu azaliwe na hajawahi kuvaa, kwa hiyo amekuja kushika zamu yake.

Mwalimu mkuu hakuelewa hata neno. Akanigeukia. "Mwalimu, huyu mzee anasema nini? Unamfahamu?"

Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini na minne. Nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi, na wazazi wenye hasira, na watoto werevu kuliko mimi. Hakuna swali lililokuwa rahisi kama lile. Nilitazama watoto mia mbili na zaidi. Nilitazama shati langu. Nikasema, "Ni mzee wa kijiji cha jirani. Anasema amemsindikiza mtoto."

Nilisahau jambo moja, au labda sikulisahau. Babu yako ujana wake aliumaliza Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, alikopelekwa pamoja na vijana wengi wa Ufipa enzi za Mwingereza. Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu na cha mwalimu mkuu. Alinitazama kidogo. Akavaa kofia yake. Akasema kwa Kiswahili kile cha Tanga, polepole, "Ni kweli, mwalimu mkuu. Mimi ni mzee wa kijiji cha jirani. Samahanini kwa usumbufu." Akashuka njia ya mtoni, jembe bado shingoni.

Ungedhani nilijifunza siku hiyo. Sikujifunza. Jembe lilipoondoka nilitafuta kipande cha ubao, nikakipiga randa, nikakitoboa tundu. Na Skola? Skola aliacha kuongea. Kifipa hakuongea, na Kiswahili alisema "ndiyo" na "hapana" na "sijui". Wakati wa mapumziko alikaa ukutani, mikono yake ameikalia. Insha zake zikawa safi kabisa, bila kosa. Mwisho wa mwaka nilimwonyesha mwalimu mkuu daftari lake nikasema kwa fahari, "Yule tumemnyoosha." Mwaka uliofuata hakurudi shuleni.

Jumamosi ya wiki ile ya mstarini nilikwenda nyumbani nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Babu yako hakunigombeza. Alinipokea mkoba, akaniuliza habari za kazi, akanisogezea ugali wa ulezi na maharage. Lakini aliniuliza kwa Kiswahili. Nikamjibu kwa Kifipa, naye akaendelea kwa Kiswahili. Na tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, baba yangu mzazi hakunisemesha tena neno la Kifipa. Kwa mama yangu aliongea Kifipa, kwa majirani, kwa ng'ombe wake. Nikiingia mimi, anabadili, kama mtu anayevaa viatu mgeni akibisha hodi. Nilioa, tukakupata wewe, na alipokubeba alikubembeleza kwa Kiswahili. Watu wananiuliza kwa nini mwanangu hajui lugha ya kwao. Hujui kwa sababu katika nyumba niliyoingia mimi, Kifipa kilikuwa kinatoka kwa mlango wa nyuma.

Niliamini ananiadhibu. Nikaona ni haki yangu, nikakaa nayo.

Ulikuwa na miaka mitano tulipomleta mjini, hapa nyumbani, kifua kimembana. Huenda unakumbuka harufu ya majani ya mkaratusi aliyokuwa akijifukizia. Asubuhi moja nilikuwa namnyoa ndevu. Wembe mkononi, yeye macho amefumba, nikaona nisiposema sasa sitasema. Nikamwambia, "Baba, ile siku ya mstarini. Nisamehe."

Nilimaliza shavu moja. Kisha akaanza kuongea, na akaongea Kifipa. Nikauweka wembe chini.

Alinieleza habari za baba yake, ambaye mimi sikumkuta. Nilikuwa najua alikuwa mkulima, ndivyo tulivyoambiwa siku zote. Kumbe alikuwa myeyushaji wa chuma. Alijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, watu wetu wakiyaita malungu, akayajaza mawe ya chuma na mkaa, na wanaume wakakesha wakiimba mpaka chuma kitoke. Majembe yake yalilipa mahari, yalinunua mbuzi, yalivuka bonde mpaka kwa watu ambao hawakujua Ufipa iko wapi. Kisha zikaja kodi, na kodi ilitakiwa kwa sarafu, jembe halikupokewa. Yakaja madukani majembe kutoka ng'ambo, mepesi, yanang'aa. Na misheni wakafundisha kwamba dawa na nyimbo za kwenye tanuri ni mambo ya shetani. "Baba hakukatazwa na mtu," babu yako alisema. "Haikutokea tena siku mtu akaja kumwita. Ndivyo ilivyokwisha."

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wakati huo, anataka kubatizwa na kusoma. Baba yake akampeleka kwa katekista, akiwa ameshika kuku wa kumpa. Katekista yule alikuwa Mfipa kama wao. Akamuuliza mtoto, "Wewe ndiye mwana wa yule mtu wa tanuri?"

"Nikasema hapana," babu yako aliniambia. "Nikasema baba yangu ni mkulima tu, huyu hapa nje ni mtu aliyenisindikiza."

"Naye alisikia?"

"Alikuwa mlangoni. Akaingia, akampa katekista kuku, akatoka. Tukarudi nyumbani. Hakulisema mpaka anakufa." Akafumbua macho. "Siku ile mstarini, ulipojibu vile, sikukuona wewe. Nilimwona baba ameshika kuku."

Nikamuuliza lile lililokuwa likinila. Kama hakuwa amekasirika, kwa nini miaka kumi na mmoja ya Kiswahili?

Akanishangaa kweli kweli. "Nilitaka usinionee haya," alisema. "Nilidhani nikiongea kama watu wa mjini utakuja nyumbani mara kwa mara."

Alifariki wiki mbili baadaye. Baada ya matanga nilitafuta lile jembe ndani na nje ya nyumba yake kijijini. Halikuwapo. Mama yangu alisema hakuwahi kuliona.

Nimeifikiria habari hii kwa miaka mingi, Gaudensi, na kinachonisumbua ni hiki: ukiisimulia yote, hakuna Mzungu hata mmoja ndani yake. Mwingereza alikuwa ameshafunga virago zamani. Katekista alikuwa wa kwetu. Mwalimu mkuu alikuwa Mtanzania aliyeipenda nchi yake. Aliyelifunga jembe kamba nilikuwa mimi, mjukuu wa mtu ambaye pengine ndiye aliyelifua. Wale waliotutawala walituachia jicho, nasi tuliendelea kutazamana kwa jicho hilo bila kujua ni la kuazima. Usinielewe vibaya kuhusu Kiswahili. Nakipenda, nimekifundisha, nimemchumbia mama yako kwa hicho, na ndicho kitakachokufanya uwe mwenyeji Mbulu kabla ya mwezi kwisha. Watoto wale wanakihitaji, uwafundishe vizuri. Mimi nilidhani ili mtoto apande ngazi ya Kiswahili sharti kwanza atemee mate ile aliyosimamia bibi yake.

Na hata wewe, nikuambie jambo ambalo unadhani nimelisahau. Ulikuwa kidato cha pili, siku ya wazazi. Ulinifuata getini, ukaniomba kwa upole nisizungumze sana mbele ya wenzako, kwa sababu ya lafudhi yangu. "Wataniita Mfipa wa porini, baba." Nikakaa kimya siku nzima, nikatabasamu kama bubu. Jioni uliona haya, ukaninunulia soda. Sikukukasirikia hata kidogo, mwanangu. Nilikunywa ile soda nikijua ulikolitoa lile jicho. Nakuambia leo ili ujue kwamba linatembea, na kwamba halihitaji mtu mbaya wa kulibeba. Sisi wawili, mimi nawe, hatukuwa watu wabaya. Hata yule mtoto mwenye hamu ya kubatizwa hakuwa mbaya.

Usiniahidi kitu. Ila siku yako ya kwanza darasani, kabla hujawafundisha kukusalimia, waulize wao wanasalimianaje. Jaribu. Utakosea, watakucheka mpaka waanguke. Waache wakucheke.

Sasa nikumalizie habari ya Skola, kwa sababu hukuwahi kuniuliza kwa nini tangu nistaafu nakwenda mwenyewe sokoni kununua ulezi, wakati mama yako anaweza kuagiza.

Mwaka ule niliostaafu nilikuwa napita sokoni nikasikia, "Shikamoo, mwalimu." Mwanamke mnene kidogo, kanga kiunoni, amekaa nyuma ya magunia ya ulezi na maharage. Pembeni yake mtoto wa kike wa miaka kama kumi, amevaa sare ya shule, anapepeta.

"Marahaba. Nimekusahau, mama."

"Mimi Skola."

Nilimjibu kwa Kifipa. Ulimi wangu ulikuwa na kutu. Akaacha kupima, akanitazama. Mtoto akauliza, "Mama, babu huyu anasema nini?"

"Ananisalimia tu," alisema. Kisha kwangu, kwa Kiswahili kisicho na kosa, "Nikupimie ngapi?"

Nikarudi wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeandaa maneno, na nikayasema yote nikiwa nimesimama mbele ya magunia yake: jembe, kamba, kile kitambaa nilichokiona nikapita. Alinisikiliza huku anafunga mdomo wa gunia.

"Usifikiri niliacha shule kwa ajili yako, mwalimu," alisema. "Bibi aliugua. Nani angemchotea maji? Hilo si lako." Akaifunga kamba ikakaza. "Lako ni hili. Mwanangu wa kwanza alipoanza kusema, alishika neno moja la bibi, sijui alilisikia wapi. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nikautazama mkono wangu nikasema, huu ni mkono wa mwalimu."

Nilikaa juu ya gunia lake, na yeye hakunifukuza. Wateja walikuja wakahudumiwa, wakaondoka. Nilipoinuka alisema tu, "Wiki ijayo utakuta ulezi mpya wa milimani."

Nilikwenda. Nilitaka kumwomba anipimie debe moja, kwa Kifipa, kama mtu yeyote wa kwetu anavyoomba. Njia nzima nilikuwa nairudia sentensi. Nikaisema mbele yake kwa heshima zote, na kumbe neno moja nililigeuza, nikawa nimemwomba anipimie debe la wakwe.

Alijizuia. Nilimwona anajizuia, ameuma kanga. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka wauza vitunguu wakageuka. Mikono yote miwili ikaruka juu. "Mwalimu! Wakwe! Nitakupimia wangu, wamejaa nyumbani!" Yote hayo kwa Kifipa, maneno yakimiminika kama nafaka debe likipasuka. Akanisahihisha lile neno. Nikalirudia, nikakosea. Akalisema tena, akinionyesha mdomo wake ulivyokaa. Nikakosea tena, wauza vitunguu wakanisaidia kucheka.

Yule mtoto alikuwa ameacha kupepeta. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Akasogea, akamshika ukingo wa kanga.

"Mama," alisema, "rudia."

Skola akanitazama mimi, kisha mtoto. Akapiga magoti mpaka macho yao yakalingana, akalirudia lile neno, polepole.

Nakutakia njia nyepesi na wenyeji wema.

Baba yako